Rangi ni ile ile, mwenye mali amebadilika: Siri ya majina ya matrekta kwa muuza vipuri

TREKTA dogo jekundu la Massey Ferguson likizima injini shambani, iwe Mbarali, Trans Nzoia au Masindi, safari ya kutafuta kipuri huishia katika duka la mtu aliyefungia mtaji wake ndani ya maboksi. Awe Gerezani jijini Dar es Salaam, Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi au soko la Kisekka jijini Kampala, muuzaji mzoefu huuliza swali moja kabla ya kutaja bei: trekta hilo ni la Uingereza, la India au la Pakistan?

Mteja asiyejua huona anasumbuliwa. Kwake yeye Massey ni Massey. Lakini nyuma ya jina hilo kuna zaidi ya miaka 70 ya kampuni kununuana, kuuzana na kugawana mali, na kila mauzo yameacha alama yake kwenye vipuri. Mashine moja inaweza kuwa na jina la mwenye mali huyu, injini ya mwingine, na kiwanda cha mtu wa tatu aliyepewa leseni tu.

Kwa mfanyabiashara anayevusha mzigo Namanga, Busia, Mutukula au Tunduma, habari hii ni ya fedha. Anayenunua maboksi 40 ya spea zisizoingia kwenye matrekta ya wateja wake amefunga mtaji wa msimu mzima. Anayejua nani amezaliwa na nani huweza kuuza boksi hilo hilo kwa wateja wa chapa tatu.

Jina kwa huyu, injini kwa yule

Mwaka 1953, kampuni ya Massey-Harris ya Canada iliungana na kampuni ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini. Ferguson ndiye aliyefanya mfumo wa kufunga jembe nyuma ya trekta kwa mikono mitatu, ukiinuliwa kwa nguvu ya haidroliki, ukubalike duniani. Leo mfumo huo umo karibu katika kila trekta la shambani. Ndiyo maana jembe la sahani lililonunuliwa kwa ajili ya trekta jekundu huweza kuvutwa na la bluu au la kijani, mradi ukubwa wa mikono na nguvu ya injini vinalingana.

Mwaka 1958 jina lilifupishwa kuwa Massey Ferguson. Mwaka uliofuata kampuni iliinunua Perkins ya Peterborough, Uingereza, mtengenezaji wa injini za dizeli. Kwa hiyo trekta la MF 135 lilipoingia sokoni katikati ya miaka ya 1960 kutoka kiwanda cha Coventry, lilibeba injini ya Perkins ya silinda tatu iitwayo AD3.152. Injini hiyo iliendelea hadi kwenye MF 240, trekta linaloonekana mpaka leo katika mashamba mengi ya ukanda huu. Wakati huo trekta na injini vilikuwa vya baba mmoja.

Hali ilibadilika baada ya kampuni kuzama kwenye madeni mwishoni mwa miaka ya 1970. Mwaka 1986 kampuni mama ilijiita Varity. Mwaka 1994 Varity iliiuza Massey Ferguson kwa AGCO, kampuni ya Marekani iliyokuwa na umri wa miaka minne tu. AGCO ilizaliwa mwaka 1990, pale mameneja wa Deutz-Allis walipoinunua kampuni yao kutoka kwa KHD ya Ujerumani.

Perkins haikuwamo katika mauzo hayo. Ilibaki nyuma, na mwaka 1998 ikaishia mikononi mwa Caterpillar, mtengenezaji mkubwa wa mitambo ya ujenzi. Tangu hapo jina Massey Ferguson lina mwenyewe wake na jina Perkins lina mwenyewe mwingine. Kiwanda cha Coventry nacho kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na AGCO ikategemea viwanda vyake vingine, kikiwamo cha Beauvais nchini Ufaransa na cha Canoas nchini Brazil.

AGCO iliendelea kununua. Mwaka 1997 ilichukua Fendt ya Ujerumani, na mwaka 2004 ikachukua Valtra ya Finland. Pamoja na Valtra ilipata kiwanda cha injini za Sisu, ambazo leo huitwa AGCO Power. Ndiyo sababu Massey Ferguson kubwa la miaka ya karibuni linaweza kuja na injini ya AGCO Power, wakati lile dogo la zamani lina Perkins. Mteja anayeagiza "pistoni za Massey" bila kutaja zaidi ya hapo hajasema kitu.

Kwa muuza vipuri, utengano huu una faida yake pia. Injini ya Perkins ya silinda nne aina ya 4.236 haikufungwa kwenye matrekta peke yake. Imo kwenye jenereta na kwenye mitambo ya kuchimba na kupakia. Anayeweka gasketi, ringi na beringi za injini hiyo ana wateja wa mashambani na wa maeneo ya ujenzi, na biashara yake haisimami mvua zinapoisha.

Mgogoro wa Chennai

Tawi lingine la ukoo huu liko India. TAFE ya Chennai ilianzishwa mwaka 1960 kwa ushirikiano na Massey Ferguson, na imetengeneza matrekta yenye jina hilo kwa zaidi ya nusu karne. Injini zake nyingi zimetoka kwa Simpson, kampuni ya Chennai iliyopata leseni ya Perkins na iliyo katika kundi moja la kibiashara na TAFE. Nchini Pakistan, Millat ya Lahore ilianza mwaka 1964 na imekuwa ikitengeneza Massey Ferguson kwa leseni.

Miaka inavyopita, kila kiwanda hurekebisha mashine kulingana na soko lake. Ndiyo maana kipuri cha Chennai, cha Lahore na cha Coventry vinaweza kufanana kwa macho, na bado vikatofautiana kwenye matundu ya bolti au kwenye meno ya gia.

TAFE na AGCO pia zilimilikiana hisa. TAFE ina takriban asilimia 16 ya hisa za AGCO, kiasi kilichoifanya kuwa mwanahisa mkubwa kuliko wote. AGCO nayo ilikuwa na takriban asilimia 21 ya TAFE. Mwaka 2024 AGCO ilitangaza kuvunja mikataba yao, ukiwamo wa matumizi ya jina nchini India, na pande hizo mbili zikafikishana mahakamani.

Suluhu ilitangazwa Julai 2025. AGCO ilikubali kuuza hisa zake zote za TAFE kwa Dola za Marekani milioni 260. TAFE ilibaki na hisa zake katika AGCO. Mikataba ya kibiashara kati yao ikakoma. Na jambo linalomhusu zaidi mfanyabiashara ni hili: jina Massey Ferguson likawa mali ya TAFE katika India, Nepal na Bhutan. Kwingineko duniani, Afrika Mashariki ikiwamo, ni mali ya AGCO.

Kwa maneno mengine, jina moja lina wenyewe wawili, na jibu la nani ni mwenyewe hutegemea ramani. Muuzaji wa jumla wa India anaweza kuwa na mzigo ulio halali kabisa kwa soko lake, lakini uhalali huo hausafiri moja kwa moja pamoja na kontena. Boksi lenye nembo ya Massey Ferguson likishushwa Mombasa au Dar es Salaam linaweza kuulizwa lina ruhusa ya nani.

TAFE yenyewe ina majina mengine. Mwaka 2005 ilinunua biashara ya matrekta ya Eicher, na mwaka 2018 ikachukua chapa ya IMT ya Serbia. IMT nayo ilianza kwa kutengeneza Massey Ferguson kwa leseni, hivyo mwenye IMT 539 anaweza kukuta vipuri vingi vinavyolingana na vya MF 35 ya zamani. Mfanyabiashara asishangae iwapo mashine yenye damu ya Massey itakuja siku za usoni ikiwa na jina jingine kabisa.

Bluu ya Ford ilikokwenda

Upande wa matrekta ya bluu hadithi ni ndefu vile vile. Wakulima wengi wa ukanda huu bado wanalima na Ford 5000, 6600 au 6610, na bado wanaingia madukani kuulizia vipuri vya Ford. Ford iliacha matrekta zamani. Mwaka 1986 ilinunua New Holland kutoka kwa Sperry, na mwaka 1991 Fiat ya Italia ikachukua asilimia 80 ya kampuni hiyo ya pamoja. Jina Ford likaondolewa polepole kwenye boneti na New Holland likabaki. Kiwanda cha Basildon nchini Uingereza, kilichotoa Ford nyingi zilizofika huku, bado kinatengeneza matrekta, ila sasa yanaitwa New Holland.

Mwaka 1999 New Holland iliungana na Case ya Marekani na kuunda CNH. Case ilikuwa imeshameza wengine: David Brown ya Uingereza mwaka 1972, na kitengo cha mashine za kilimo cha International Harvester mwaka 1985. Kwa hiyo Ford, Fiat, David Brown, International na Case, majina matano ambayo wazee wa mashamba makubwa waliyaona kama washindani, yameishia katika nyumba moja. Mwanahisa mkubwa wa nyumba hiyo ni Exor, kampuni ya familia ya Agnelli ya Italia.

Muungano huo una tunda ambalo muuza vipuri anaweza kulichuma. Matrekta ya New Holland aina ya TD na ya Case IH aina ya JX yametoka katika kiwanda kimoja mjini Ankara, kinachomilikiwa kwa ubia na CNH na kundi la Koç la Uturuki. Rangi ni tofauti, bluu na nyekundu, lakini vipuri vingi ni vile vile. Anayeangalia namba ya kipuri kwenye kitabu hukuta imefanana. Anayeangalia rangi hununua mara mbili.

Nao wasimamizi wa ushindani wa Ulaya waliona kuwa muungano huo ungekuwa na nguvu kupita kiasi, wakaulazimisha uuze baadhi ya mali. Kiwanda cha Doncaster, Uingereza, kilikwenda kwa Landini ya Italia, na matrekta yake yakaanza kuitwa McCormick. Kwa sababu hiyo Case IH CX na McCormick CX ni ndugu wa damu, ingawa leo wako katika kampuni zinazoshindana. Kiwanda chenyewe kilifungwa mwaka 2007.

Mfano ulio karibu zaidi ni Farmtrac. Matrekta ya jina hilo yaliingia Tanzania kwa wingi kupitia SUMA JKT wakati wa Kilimo Kwanza, kwa mkopo wa India. Mtengenezaji wake, Escorts, alikuwa mbia wa Ford nchini India akitengeneza Ford 3600. Ford ilipoondoka kwenye matrekta, Escorts aliendelea na mashine hiyo na kuipa jina lake mwenyewe. Fundi anayefungua Farmtrac 60 hukutana na mifupa ya Ford. Mwaka 2022 Kubota ya Japan ilichukua udhibiti wa Escorts, na sasa kampuni inaitwa Escorts Kubota. Uingereza, India na Japan zimo ndani ya mashine moja.

Wakala naye hununuliwa

Mabadiliko ya umiliki hayaishii viwandani. Humfikia hata anayesambaza. Kundi la Al-Futtaim la Dubai ni mfano mzuri. Baada ya Pakistan kubinafsisha kiwanda cha Al-Ghazi mwaka 1991, Al-Futtaim alikinunua, na kiwanda hicho kimekuwa kikitengeneza matrekta yenye asili ya Fiat kwa jina la New Holland. Mwaka 2014 kundi hilo hilo lilinunua CMC ya Nairobi, iliyokuwa wakala wa New Holland katika ukanda huu. Januari 2025 CMC Motors ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania.

Uamuzi kama huo hufanywa mbali, kwa hesabu za mwenye hisa. Kwa mkulima, maana yake ni kuuliza upya dhamana ya trekta iko kwa nani. Kwa muuza vipuri mdogo una sura mbili: wateja wa wakala wanaweza kumiminika kwake, lakini pia chanzo chake cha vipuri halisi kinaweza kukatika kwa muda hadi wakala mwingine ajipange.

Mfano mchungu zaidi uko Kibaha mkoani Pwani. Tanzania ilikubaliana na Ursus ya Poland mwaka 2015, na matrekta yake yakaunganishwa katika eneo la TAMCO chini ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC. Mpango ulitaja matrekta 2,400. Mwaka 2021 mahakama ya Poland ilitangaza Ursus kuwa imefilisika. Trekta likishafika shambani halifi siku mwenye kiwanda anapofilisika. Hubaki likihitaji klachi, chujio na pampu kwa miaka 15 au zaidi, na anayebaki kulihudumia ni fundi wa mtaani na muuza vipuri anayejua kulinganisha.

Miungano hii pia hupunguza milango ya kubisha. Soko la dunia la mashine za kilimo limeshikwa kwa sehemu kubwa na John Deere, CNH, AGCO na Kubota, huku Mahindra ya India ikiongoza kwa idadi ya matrekta inayouza. Mahindra nayo ilinunua kampuni inayotengeneza Swaraj mwaka 2007. Wenye mali wanapopungua, ushindani wa bei ya kipuri halisi hupungua pia, na mwanya wa vipuri vya watengenezaji wengine hupanuka. Mwanya huo ndio unaolisha maduka mengi ya Kirinyaga na Gerezani, na ndio unaoingiza bandia.

Kwenye dawati la forodha

Kuna tofauti kati ya kipuri mbadala na kipuri bandia, na mfanyabiashara wa mpakani hana budi kuijua. Kipuri mbadala hubeba jina la aliyekitengeneza na husema kinaingia kwenye mashine fulani. Bandia hubeba jina la mwingine bila ruhusa. Cha kwanza ni biashara halali. Cha pili kinaweza kukamatwa na kuteketezwa, na mwenye mzigo kushitakiwa. Kenya ina Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia, na Tanzania kazi hiyo iko chini ya Tume ya Ushindani, FCC. Jina lenye wenyewe wawili, kama Massey Ferguson sasa, linaongeza sababu ya kuwa na karatasi zilizonyooka.

Jambo jingine ni cheti cha asili. Wafanyabiashara wadogo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wamezoea cheti rahisi cha asili kwa mzigo usiozidi Dola 2,000. Cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Pistoni ya India iliyonunuliwa Nairobi haigeuki kuwa bidhaa ya Kenya kwa sababu imelala dukani Nairobi. Anayeivusha Namanga kwa cheti hicho anajitafutia hasara. Anachohitaji ni nyaraka za uingizaji na risiti za kodi zinazoonyesha mzigo ulivyoingia.

Kabla ya kuagiza

Wazoefu wa biashara hii wana mazoea machache yanayofanana.

Kwanza, huanza na kibati cha injini na namba ya trekta. Rangi na jina la boneti huja baadaye. Boneti hupakwa upya, na trekta la mtumba huweza kuwa limebadilishwa injini mara mbili.

Pili, huuliza kiwanda na mwaka. Massey ya Coventry ya mwaka 1985 na ya Lahore ya mwaka 2015 zisihesabiwe kuwa kitu kimoja hadi vipuri viwekwe ubavu kwa ubavu.

Tatu, huuliza wakala wa leo ni nani katika nchi ya mteja, maana wakala wa Kenya si lazima awe ndiye wa Tanzania, Rwanda au Kongo.

Nne, husoma habari za kampuni kama wanavyosoma bei ya dola. Ikisikika kwamba mkataba wa leseni umevunjika au wakala anafunga, hupunguza oda za vipuri adimu vya chapa hiyo na kuongeza vile vinavyoingiliana na chapa nyingine.

Tano, huandika. Kila kipuri kilichoingia vizuri kwenye trekta lenye jina jingine huingizwa daftarini kwa namba zake zote mbili. Daftari hilo baada ya miaka kumi huwa na thamani kuliko rafu nzima ya maboksi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kwa anayeuza vipuri vya mashine ambazo wenyewe hubadilika kila mara, usemi huo unalipa kodi ya duka.